Pengo Katika Mdundo wa Nyeleni

Mara ya kwanza Nyeleni Kulibali alidhani ni dharau tu. Alikuwa amekaa stoo, gitaa la besi mapajani, akirudia mdundo aliofundishwa: noti mbili za chini, moja ya juu, kisha kunyamaza. Du-du, di. Kimya. Du-du, di. Kimya. Na ndani ya kile kimya, ukutani, kitu kikagonga. Tok. Mara moja tu, tena kwa wakati wake hasa, kama mtu anayeujua mdundo kuliko yeye.

Ukuta ule ulitenganisha stoo na chumba cha Sitan, mke mwenzake.

Wanawe Nyeleni walikuwa watu wazima, wanafanya kazi Abidjan. Mume wao, Bakari, aliendesha lori la mizigo la kwenda Sikasso na nyumbani alionekana kwa nadra. Kwa hiyo bendi ya wanawake inayopiga kwenye harusi za mtaa wao, Lafiabugu, ilipokosa mpiga besi, Nyeleni alisema, "Nifundisheni mimi." Walicheka hadi wakachoka, kisha wakampeleka kwa Zumana, fundi redio aliyewahi kupiga besi ujanani.

"Wewe mla maharage," Zumana alimtania kwa jina la ukoo wake, kama wanavyotaniwa akina Kulibali wote, "shida yako unajaza. Unapiga kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Besi ni kuacha nafasi. Piga, nyamaza, waache watu wacheze kwenye pengo."

Akajifunza kuacha pengo. Na sasa mtu alikuwa analijaza.

Alitoka uani. Sitan alikuwa anakata bamia, mtoto wake Ngolo amelala mkekani pembeni yake, miguu juu kama kawaida ya watoto wasiojua kutembea.

"Sitan, kama gitaa linakukera si useme? Kunigongea ukuta ndiyo nini?"

Sitan hakuinua macho. "Mimi nikugongee? Dada mkubwa, nimekustahi tangu juzi. Mtoto akilala tu, unaanza. Tok, tok. Nikasema moyoni, haya, ananiambia nihame."

"Nani kakuambia uhame?"

"Ukuta wako."

Wakatazamana. Kila mmoja aliona mwenzake anadanganya, tena bila aibu.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na masikio. Nyeleni alinusa mchuzi kabla ya kula, ukiwa umepikwa na Sitan. Sitan naye akaacha kumwachia mtoto, akamfunga mgongoni hata akienda chooni. Kisha harufu nayo ikaja. Ilikuwa Aprili, mvua haijaonekana tangu mwaka uliopita, vumbi limekaa hadi kwenye kope, lakini stoo ilinukia udongo uliolowa, kama shamba lililotoka kunyeshewa.

"Unachimba nini mle ndani?" Sitan aliuliza mlangoni, bila kuvuka kizingiti.

"Sichimbi kitu. Nilidhani wewe umemwaga maji."

"Mimi? Mle siingii hata unipe dhahabu."

Nyeleni alipapasa sakafu. Saruji ilikuwa kavu, ina joto. Ila ile sehemu ya ukuta inayogongwa ilikuwa baridi kama mtungi.

Angeacha kupiga, lakini harusi ilikuwa imekaribia na hakutaka kuchekwa mara ya pili. Mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika na spika imekufa, alijivalisha mkanda wa gitaa na kupiga hivyo hivyo kavu. Besi isiyo na umeme hutoa sauti ya mbu. Hii ilitoka nene, ikapita chini ya miguu yake, ikatikisa vikombe kwenye kabati. Akashtuka, akabana nyuzi kwa kiganja. Kimya. Akasubiri ile tok. Haikuja. Badala yake alisikia yowe la Sitan.

"Nyeleni! Mtoto hapumui!"

Alikimbilia chumbani kwa Sitan, gitaa likimning'inia shingoni. Ngolo alikuwa mikononi mwa mama yake, macho wazi, kifua kimetulia tuli. Nyeleni alijigonga kwenye fremu ya mlango, uzi mnene ukalia: du. Mtoto akavuta pumzi.

Moja tu. Kisha kifua kikatulia tena.

Vidole vya Nyeleni vilielewa kabla ya akili yake. Du-du, di. Ngolo akapumua. Alipofika kwenye pengo, pumzi ikakatika. Mdundo uliporudi, nayo ikarudi. Alijaribu kupiga bila pengo, lakini kila alipofika pale nyuzi zilikufa zenyewe chini ya vidole, kama zimefunikwa na mkono wa mtu.

"Umemfanya nini mwanangu?" Sitan alinong'ona. "Niambie ulichokizika. Nitakusamehe, wallahi, niambie tu."

"Sijui, mdogo wangu. Kamwite Mama Tenimba."

Mama Tenimba alikuwa mganga wa ng'ambo ya soko, anayewachezea ngoma wenye majini hadi watulie, na hakuwa mtu wa simu. Sitan alipiga kelele kwa majirani. Nyumba zote zilikuwa na kufuli, watu wameenda kwenye sherehe ya kumpa jina mtoto mchanga mtaa wa pili. Alimtazama Nyeleni, akamtazama mtoto. Amwache na mwanamke huyu, na gitaa hili?

"Nifungie mgongoni," Nyeleni alisema. "Nitaisikia pumzi yake. Siwezi kukosea nikiisikia."

Sitan alimfunga kwa khanga yake mwenyewe, akakaza fundo kwa hasira. "Nikirudi nikute amekufa, nitakuua."

"Nenda!"

Akabaki peke yake, uso ukutani, akipiga noti zake tatu na kuhisi kifua kile kidogo kikijaa na kupungua mgongoni mwake, na kila alipofika kwenye pengo lilikuwa limerefuka kidogo, kiasi cha kupepesa kope mara moja, halafu mara mbili, mpaka ikawa anasimama ndani yake kama mtu aliyesimama katikati ya chumba cha giza akitafuta mlango, huku harufu ya udongo uliolowa ikipanda puani, vidole vikichanika, na ndani ya ukuta sauti ya Bakari, Bakari aliyekuwa Sikasso, ikimwambia kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuwa nao, "Pumzika kidogo, mke wangu, vidole vinatoka damu, mtoto si wako."

"Ni wangu," Nyeleni alisema, na akapiga.

Mama Tenimba aliingia akihema, kibuyu cha maji mkononi, Sitan nyuma yake. Alisikiliza kidogo tu.

"Kimepata kiti," alisema kwa sauti ya chini. "Kimekaa kwenye lile pengo, na kimempakata mtoto. Nyeleni, usigeuke. Piga. Sitan, fumba macho, na kila anaponyamaza wewe piga makofi, usikiachie hata nafasi ya sindano. Mkisikia mnaitwa, msiitike."

Sitan akaanza. Kofi la kwanza lilikuwa dhaifu, la pili likachelewa. Ukuta ukanguruma. Kisha makofi yakashika, yakazidi, yakapishana vizuri, kofi na kofi la kuitikia, mpaka pengo likajaa pomoni, na kitu kizito kikapita kati yao kuelekea mlangoni kama upepo wa lori. Ngolo akapiga kelele. Kilio kikali, kibaya, kitamu kuliko wimbo wowote.

Sitan alimfungua mgongoni mwa mwenzake. Akamshika Nyeleni kichwa kwa mikono miwili, akalia begani kwake, akimwita dada, dada, dada.

Baadaye Nyeleni alimsindikiza Mama Tenimba hadi langoni.

"Mungu akulipe, mama. Bila makofi yako tusingeweza."

Mganga akasimama. "Makofi yangu?"

"Yale ya kuitikia. Sitan anapiga, nawe unamjibu."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshika kibuyu kwa mikono yote miwili, namwaga maji kizingitini." Aliitazama nyumba juu ya bega la Nyeleni. Kisha akaondoka upesi, bila kuaga.

Uani, Sitan alikuwa anawasha makaa ya chai, mtoto mkononi, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.

"Yule mama anajua mdundo," alisema akicheka. "Umeona alivyokuwa ananipokea? Ila mikono yake baridi, jamani! Kila nikikosea ananigusa. Haya, mshike mwanao nitie sukari."

Nyeleni alimpokea Ngolo. Akaweka kiganja kifuani pake, akasubiri pumzi.