Jina la Mama C

"Kumbe ni wewe uliyemuua mwanangu?!"

Muhangi hakunong'ona. Aliuliza nje ya kanisa, Jumapili saa sita mchana, waumini wa Isingiro wote wamesimama na nguo zao za ibada.

Aliyeulizwa ni mkewe, Kobugabe. Mgongoni amembeba Margreth, binti yao wa miaka miwili.

Kobugabe aligeuza shingo taratibu... akamtazama Yudesi.

Yudesi alitamani ardhi ipasuke aingie mzima mzima.

Tulieni niwaweke sawa, maana najua mshaanza kuulizana kwenye komenti nani ni nani.

Mwaka ni 1957. Yudesi ni msaidizi wa wauguzi kwenye hospitali ndogo ya misheni huko Karagwe, si mbali na Isingiro. Kobugabe ni rafiki yake wa damu. Walifundishwa kipaimara pamoja, wakaazimana vitenge, mmoja akiumwa mwenzake halali.

Sasa dakika chache kabla ya hiyo kelele, mwinjilisti alisimama baada ya ibada na kijarida mkononi. Jarida dogo la wauguzi, la Kiswahili, limetoka mbali huko. Akasema kuna mafundisho mazuri ya afya ya watoto, kina mama wasikilize.

Akasoma kwa sauti yake ile ya kusomea Injili.

"Mama wa tatu ni Kobugabe, mke wa Muhangi wa Isingiro. Alimpaka mtoto kitovuni mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na samli. Mtoto alikufa kwa pepopunda siku ya saba."

Jamani!

Hata mwinjilisti mwenyewe alishtuka alipofika kwenye nukta. Alikuwa anasoma tu, masikini, hakuipitia kabla.

Na mjue, miaka mitatu yote Muhangi alikuwa hasalimiani na kaka yake wa tumbo moja. Aliamini ndiye aliyemroga yule mtoto. Miaka mitatu! Leo anaambiwa na karatasi, mbele ya kaka yake, kwamba chanzo kilikuwa chumbani kwake.

"Ulinificha," akamwambia mkewe. "Uliniacha nimchukie ndugu yangu."

Macho ya Kobugabe bado kwa Yudesi.

Kwa sababu Yudesi peke yake ndiye aliyeambiwa ile siri.

* * *

Kesho yake asubuhi Yudesi aliingia ofisini kwa Nesi Celestina bila hodi.

Celestina ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi pale. Mwanamke wa Bukoba, amesoma, mkali, anapiga pasi mpaka kamba za aproni. Utafiti ulikuwa wake. Aliona vichanga wanakufa mmoja baada ya mwingine, kati ya siku ya tano na ya tisa, wamekakamaa, hawanyonyi. Akataka kujua nyumbani wanawekewa nini kitovuni. Ila kina mama wa wafugaji walikuwa hawamwambii kitu, mgeni huyu, ndipo akamtuma Yudesi na daftari.

"Umetuua, Nesi!" Yudesi alilia. "Nilimwahidi yule mwanamke! Nilimwambia halitatoka! Wewe ukaliacha jina lake likachapwe kwenye gazeti!"

Celestina hakupandisha sauti. Alivuta mtoto wa meza, akatoa makala yake, ile ya Kiingereza aliyoipeleka Ulaya.

"Soma hapa."

Kiingereza cha Yudesi kilikuwa cha kuungaunga kwa kamusi, lakini hizo herufi alizijua. Mama A. Mama B. Mama C.

"Mimi niliandika Mama C," alisema Celestina. "Hii ya Kiswahili, nani aliitafsiri?"

Wadau... aliitafsiri Yudesi mwenyewe.

Ndiyo, alikuwa anamtupia Nesi mzigo wake. Msimrukie kwanza. Nisikilizeni.

Huyu dada alizaliwa kwenye nyumba ya wafugaji. Kwao kila ng'ombe ana jina. Jioni zizini baba yake alikuwa anawaita mmoja mmoja, na kila mmoja anageuka. Kwao kumtaja mtu jina, na kwake, na mumewe, ndiyo heshima yenyewe. Kiumbe kisicho na jina ni kile kisicho cha mtu.

Alipofika kwenye "Mama A" alisikia vibaya moyoni. Huyu mama kanipokea kwake, kanipa kahawa ya kutafuna, kalia mbele yangu, leo aitwe A? Kama debe la mafuta ya taa?

Akachukua peni. Akawarudishia majina yao wote kumi na wanne.

Aliona anawaheshimu. Eti aliona pia gazeti hilo litasomwa na wauguzi wa Dar es Salaam, watu wasiomjua Kobugabe wala Isingiro iko upande gani. Na tuseme ukweli wote, jina lake yeye Yudesi lilikuwa limechapwa pale juu, chini ya la Celestina, na hilo lilimpendeza mno. Alilitazama hilo jina kila siku kwa wiki nzima.

"Kiapo nilichovunja ni changu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na mimi sikuisoma kabla haijaondoka," Celestina akamjibu. "Nilisaini tu. Vaa viatu twende."

* * *

Walipofika kwa Muhangi, wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa. Mama mzazi wa Muhangi, bibi Kokugonza, alikuwa pembeni kwenye majani makavu yaliyotandikwa, anaangalia chini. Margreth kalala mapajani kwake.

"Shikamooni."

Marahaba iliitikiwa nusu nusu.

Yudesi akapiga magoti. Akasema yote. Kwamba Nesi Celestina alilificha jina, aliyeliandika ni yeye. Kwamba Kobugabe alisema kwa siri ili watoto wa wengine wapone. Kwamba kama kuna wa kuadhibiwa, yupo hapa hapa kapiga magoti.

Muhangi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jina umeandika wewe," akasema. "Mavi je, uliyapaka wewe?"

Mzee mmoja akamgeukia Kobugabe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Haya, mama. Yaliyoandikwa ni kweli au si kweli?"

Kobugabe aliangalia upande wa mama mkwe wake, akaangalia mtoto, halafu akainamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema.

Basi. Hapo yakaisha.

Siku hiyo hiyo alifungiwa kitenge chake na kibuyu chake, akaambiwa aende kwao Kanoni. Mtoto abaki. Mtoto ni wa ukoo. Margreth aliamka wakati mama yake anavuka ua, akapiga ukelele mmoja ambao Yudesi aliusikia mpaka uzeeni.

Yudesi alimkimbilia njiani.

"Kobugabe! Dada yangu, nisamehe! Tulikuwa wawili kwenye kosa hili, hata Nesi anasema..."

Kobugabe alisimama.

"Nesi Celestina hanijui," alisema. "Wewe unanijua."

Akaendelea na safari. Hakugeuka tena.

* * *

Sasa kaeni vizuri, maana mimi niliposimuliwa sehemu hii nililia mpaka nikaacha chakula.

Mwaka uliofuata bibi Kokugonza aliletwa hospitali, kifua kimembana. Akawekwa kwenye wodi ya Yudesi. Yudesi alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza ubavu. Hawakuongea lolote zaidi ya shikamoo na marahaba.

Siku ya nne, wakati anasuguliwa mgongo, yule bibi akasema:

"Ule ulikuwa mkono wangu."

"Mkono gani, mama?"

"Uliompaka mtoto."

Kitambaa kikamdondoka Yudesi.

"Mama, unasema nini?"

"Mkwe wangu alikuwa bado hajiwezi, katoka kuzaa. Mtoto nilipokea mimi, kitovu nilipaka mimi, kama nilivyompaka Muhangi na wenzake wakapona."

"Lakini mbona Kobugabe aliniambia..."

Bibi akageuza kichwa, akamwangalia kama unavyomwangalia mtoto mjinga.

"Siku uliyokuja kumuuliza, mimi nilikuwa wapi?"

Yudesi akakumbuka. Mungu wangu, akakumbuka! Alifika, akamsalimia bibi, akakaa karibu naye kwa adabu. Bibi alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa pale pale, hatua mbili. Na Yudesi akafungua daftari akauliza: nani alimpaka mtoto, na alimpaka nini?

Kumwambia mzee atoke nje? Nyumbani kwake? Ingekuwa utovu wa adabu usiosemeka, hata wazo lenyewe halikumjia.

"Nilikuwa nimekaa hapo," bibi alisema. "Ulitaka mkwe wangu ajibu nini?"

Mnaelewa lakini?

Mkwe wa kwao hawezi kumtia aibu mama mkwe akiwa anamsikia. Afadhali ajipakaze mwenyewe. Kobugabe alichukua lile kosa akalivaa, akijua litabaki kati ya wanawake watatu na daftari moja. Halafu Yudesi akaliandika kama ushahidi, akalitia jina, akalipeleka kiwandani likachapwe.

Jina la kweli. Maneno ya uongo!

"Mbona hukusema siku ile mbele ya wazee?" Yudesi aliuliza, machozi yanamtiririka.

Bibi akafumba macho. "Niliogopa," akasema. "Nilimwogopa mwanangu."

* * *

Yudesi hakusubiri hata zamu iishe. Alikwenda Kanoni kwa miguu.

Alimkuta Kobugabe kwenye shamba la migomba la kaka yake, anapalilia. Mwanamke aliyekulia kwenye maziwa, leo mikono ina malengelenge ya jembe. Alikuwa amekonda mpaka shingo.

"Nimeujua ukweli," Yudesi alisema akihema. "Kokugonza kaniambia mwenyewe."

Kobugabe aliendelea kulima.

"Nitaandika upya! Nesi Celestina alishasema kosa likichapwa, sahihisho nalo huchapwa. Gazeti lile lile. Nitaandika kwamba si wewe, ni mama mkwe wako. Mwinjilisti atasoma pale pale aliposoma. Utarudi kwako! Utamwona Margreth!"

Jembe likasimama.

"Usithubutu."

"Kwa nini?! Kobugabe, wewe huna kosa!"

"Mwanangu analala mgongoni kwa nani sasa hivi?"

Kobugabe akamgeukia.

"Nakuuliza, dada. Anayempa maziwa ni nani? Anayemfunika ni nani?"

"Ni bibi yake..."

"Muhangi akisikia ni mama yake, unadhani atamfanya nini? Atamfukuza, au bibi atakufa kwa aibu kabla hajafukuzwa. Margreth abaki na nani? Na huyo mke mpya aliyemwoa juzi, ambaye hata nywele hajui kumchana?"

"Basi watu wote wataendelea kuamini ni wewe! Maisha yako yote!"

"Waache waamini."

Hapo ndipo Kobugabe alipolia. Alilia amesimama, ameshika mpini wa jembe, wala hakujifuta.

"Nilijua utaandika," alisema. "Nilikubali uandike. Wale watoto wengine nao ni watoto. Lakini jina langu, Yudesi... jina langu sikukupa."

Yudesi akataka kumkumbatia. Kobugabe akarudi nyuma hatua moja.

"Nenda. Na hilo la mama mkwe, mara hii litunze."

* * *

Alilitunza.

Sahihisho lilichapwa miezi sita baadaye. Celestina aliliandika kwa Kiswahili, akalisoma mara tatu kabla ya kulituma. Lilisema kwamba majina yaliwekwa bila ridhaa ya wahusika, kwamba baadhi ya majibu yalichukuliwa mbele ya watu wengine kwa hiyo hayaaminiki, na kwamba waandishi wanaomba radhi. Halikumtaja mtu.

Mwinjilisti hakulisoma kanisani. Lilikuwa fupi sana, na halikuwa na mafundisho ya watoto.

Na ukweli usemwe, watoto walipona. Wembe safi na uzi uliochemshwa viligawiwa kwa wakunga vijiji vyote vile, na pepopunda ikapungua kweli. Yudesi aliliona hilo kwa macho yake, na halikumfuta chozi hata moja, kwa sababu kila kichanga kilichofikisha siku ya kumi kilimkumbusha Margreth uani.

Kobugabe alifariki huko huko Kanoni. Binti yake alikuja kumzika akiwa msichana mkubwa, akiamini mpaka siku ile kwamba mama yake alimuua kaka yake.

Yudesi alisimama kaburini na ukweli mdomoni. Hakuutoa. Alikuwa ameshatoa mara moja asichopewa.

Somo langu ni fupi, na nalisema kwa wanaosomea uuguzi, wanaofanya utafiti, na nyie mnaopiga picha wagonjwa mkazipandisha humu mkitafuta laiki. Mtu akikupa maumivu yake uyaandike, hajakupa na jina lake. Muulize. Muulize akiwa peke yake. Ukimaliza, muulize tena.

Huyu Yudesi ni bibi yangu mimi, na sasa hivi nasomea kazi ile ile. Kabla hajafa nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema niyaandike, ila nibadilishe kila jina, na vijiji nivihamishe.

"Na lako, bibi?"

"Langu liache," akasema. "Langu liandike lote."