Siku Mama Aliporusha Jembe

Jioni ile nilikuwa nimejitwika godoro. Godoro la Mwalimu Kudra, si langu. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ngassa, alisema haiwezekani mwalimu mpya alale chini wakati stoo kuna godoro, na kwa kuwa nyumba yangu inatazamana na yake, basi nimpelekee mimi. Mimi! Mwalimu wa darasa la kwanza miaka nenda rudi, nambebea godoro binti aliyeripoti juzi.

Nilikuwa namwonea wivu, sifichi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mimi nikaugua. Watoto niliowafundisha kushika penseli walikuwa wanamkimbilia getini kumpokea mkoba, mimi wananipita kama nguzo. Hata Blessing, mwanangu wa kumzaa, anayesoma darasa langu hilohilo la kwanza, alikuwa hali ugali bila kumtaja. Mwalimu Kudra hivi, Mwalimu Kudra vile. Roho iliniuma mpaka chakula kikawa hakipiti.

Shuleni kwetu, hapa nje kidogo ya mji wa Geita, walimu wapya wakiripoti husimama ofisini saa ya chai, kila mmoja asimulie kumbukumbu anayoipenda ya shule aliyosoma. Ni utani wetu wa kukaribishana. Mara hii walikuwa wawili, Kudra na Mwalimu Marselino wa hisabati. Marselino alituvunja mbavu. Alisoma Mwadui, na siku moja mlinzi alimwachia agonge kengele, ile ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini. Akagonga ya kwenda nyumbani asubuhi kweupe! Shule nzima ikatoka mbio, walimu nyuma na fimbo.

Kudra hakucheka. Alimsikiliza mdomo wazi, kama mwenye kiu anayetazama mwenzake akinywa maji.

"Mimi yangu bado," alisema zamu yake ilipofika.

Ijumaa akaisimulia kwenye paredi. Ringi ya lori, mlinzi, mbio, fimbo... na aliyegonga ni yeye. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Nikamgeukia Marselino. "Si ya kwako ile?"

"Ya kwangu ipi?" aliniuliza. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalihangaika kama ya mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Hapo ndipo wivu uliponipofusha. Nikajisemea, kumbe mwanaume akipenda hutoa hata utoto wake. Sikuwaza jingine.

Basi nikafika mlangoni kwake na godoro kichwani. Jua lilikuwa limeshazama, na ndani hakukuwa na taa.

"Hodi!"

Nikausukuma mlango kwa mguu.

Kisha harufu. Udongo mbichi... udongo uliolimwa muda huohuo. Ilikuwa kiangazi, na hakuna shamba karibu na nyumba za walimu.

"Mwadila, mayu," sauti ilinisalimu Kisukuma kutoka gizani, yaani za jioni, mama. "Karibu, Mama Blessing."

Nikaitikia, nikaingia. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono kwenye mapaja, viganja vikitazama juu. Mwanga kidogo wa mlangoni uliniwezesha kuviona. Vilikuwa na sugu za jembe, nene, za mtu aliyelima maisha yake yote.

"Na wewe?" alinong'ona.

"Mimi nini?"

"Kumbukumbu yako ya shule. Wenzako wanasema huna."

Wanasema sina! Mimi nimezaliwa kwa wacheza ngoma. Babu yangu alikuwa Mgalu, na Bagalu wakikutana na mahasimu wao wa ngoma, Bagika, uwanja mmoja hakuna kubakiza. Unatoa wimbo wako bora kuliko zote, watu wahame upande wa pili waje kwako. Damu ilinipanda. Nikatua godoro, nikalikalia, nikatoa kumbukumbu ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Nilimwambia siku ya kufunga shule, nikiwa darasa la kwanza, kijijini kwetu Shinyanga. Nilikuwa nimeshika namba moja. Mama yangu, Lusia, alifika paredi moja kwa moja kutoka shambani, matope mpaka magotini. Jina langu liliposomwa hakupiga makofi kama wenzake. Aliingia katikati ya uwanja akacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Akarusha jembe juu, likazunguka, akalidaka, akalirusha tena, huku anaimba jina langu: Mbuke, Mbuke. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua kofia. Mwaka huo huo mama akafariki. Hatukuwa na picha yake hata moja. Siku ile ndiyo picha yangu. Sina nyingine.

"Ongeza," Kudra alisema.

"Niongeze nini?"

"Uso wake."

Nikamweleza uso. Jino la mbele lililokatika, kovu dogo juu ya nyusi.

"Sauti..."

Nikamwimbia. Nilikuwa naona nashinda, wallahi. Nilimwona anameza mate.

"Mimi sikusoma utotoni," alisema polepole. "Wenzangu walipokuwa wanakwenda shule, nilikuwa nalima. Usiku. Tulikuwa wengi, shamba la mtu. Mchana tulilazwa darini, hatusemi. Unajua nilivyokuwa nawaonea wivu nikiwasikia wanapita wanaimba?"

Ningekuwa na akili ningesimama. Ningekimbia. Lakini nilichosikia mimi ni neno wivu tu, nikafurahi. Kumbe na yeye!

"Unanipa hiyo, mayu?"

"Chukua," nikamjibu kwa dharau, "kama unaiweza."

Akacheka.

Gizani, jino lake la mbele lilikuwa limekatika.

Sijui nilivukaje ule uwanja wa kati ya nyumba zetu. Nilijifungia chumbani, nikafumba macho nimtafute mama. Uwanja wa paredi niliuona. Watoto niliwaona, mwalimu mkuu na kofia yake nilimwona. Jembe lilipanda juu, likazunguka, likashuka...

Hapakuwa na mtu chini yake.

Kwetu mtu aliyechukuliwa na wachawi, ndugu wakazika mgomba wakidhani ni yeye, huitwa litunga. Mjini wanasema msukule. Lakini msukule anatoroka? Anapata cheti cha ualimu? Sijui. Nilimgusia Marselino, akaniambia Kudra ni mtu mzuri, nipunguze roho mbaya. Nikanyamaza. Nani angeniamini, na shule nzima inajua nilivyokuwa namsema?

Siku ya wazazi, Kudra aliingia katikati ya uwanja na jembe. Akalirusha, likazunguka, akalidaka. Wazazi walipiga vigelegele. Alikuwa na kovu juu ya nyusi, na alikuwa anaimba: Mbuke, Mbuke. Nilijua jina lile ni langu, lakini halikuwa linaniita mimi.

Nililia. Mama Enock, jirani yangu, alinishika bega. "Unalia nini, shoga?"

"Namwonea wivu," nikamwambia.

"Bado tu? Wivu wa nini?"

"Ana mama."

Hakunielewa. Mimi macho yangu yalikuwa uwanjani. Watoto walikuwa wamemzunguka Kudra, na yeye alikuwa ameinama, sikio lake kwenye mdomo wa mtoto mmoja. Mtoto alikuwa ananong'ona haraka haraka, kwa furaha, anaonyesha viatu vyake. Viatu vyeusi nilivyomnunulia mnadani siku moja kabla hajaanza shule, nikarudi naye mgongoni kwa sababu alikataa kuvichafua.

Blessing.

Nilisukuma watu. Nilianguka, nikainuka. Nilipofika, Kudra alikuwa ameshasimama wima, anafuta midomo kwa kiganja.

"Blessing! Umemwambia nini Mwalimu? Eeh, mama? Umemwambia nini?"

Mwanangu alinitazama. Hakuogopa. Aliweka miguu pamoja, akanyoosha mikono ubavuni, akainamisha kichwa kidogo. Ni adabu niliyowafundisha mwenyewe, darasa zima, kwa ajili ya watu wasiowajua wanaokuja kutembelea shule.

"Shikamoo, mgeni wetu."