Gemu ya Kaka Si Mbaya

Kila akirudi kutoka shuleni, Kitinda alivua sare, akala, kisha akapiga magoti sakafuni kuokota pini kwa sumaku. Mama yake alikuwa fundi cherehani na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana: vitambaa kwenye viti, nyuzi kwenye zulia, pini kila mahali. Siku moja alikuwa ameingia mpaka chini ya meza ya cherehani mlango wa chumbani ulipofunguka kwa kishindo.

"Acha hizo pini," kaka yake alisema. "Gemu yangu imekamilika. Njoo ucheze."

Mama, pini zikiwa midomoni, alimpungia mkono kumruhusu.

Kaka huyo nyumbani walimwita Injinia, nusu kwa utani, nusu kwa matumaini. Tangu amalize shule hakuwa amepata kazi wala chuo. Alijifungia chumbani na kompyuta kuukuu aliyoifufua mwenyewe, akitengeneza gemu. Maonyesho ya vijana yalikuwa yamekaribia, na mwenye karakana kubwa ya kompyuta alikuwa ameahidi kumchukua kijana mmoja tu, amfundishe kazi.

Kitinda aliketi. Injinia akageukia ukuta. "Siwezi kutazama," alisema. "Wewe cheza tu."

Roketi ndogo ya kijani ilisafiri kutoka kushoto kwenda kulia katika anga jeusi. Kazi ya mchezaji ilikuwa kuipandisha, kuishusha na kufyatua risasi. Nyota zikapita, kisha zilezile zikapita tena. Maadui walikuja kwa mstari mmoja, polepole, kama watu wanaotoka kuzika. Risasi ziliwapata wasife, halafu wakafa bila kupigwa. Kidole kilipochoka, Kitinda aliiacha roketi ishuke mpaka kona ya chini, akajikuna goti. Hakuna adui aliyefika pale. Alikaa mikono mapajani mpaka likatokea dude kubwa la mwisho, likatema moto uliopita juu ya roketi, likalipuka lenyewe. Kwenye kioo pakaandikwa: UMESHINDA, SHUJAA.

"Vipi?" kaka aliuliza, bado akitazama ukuta.

Kitinda aliitazama shingo nyembamba ya kaka yake na shati lililompwaya. Maneno yalimfika kooni, yakarudi.

"Si mbaya," alisema.

Nyumbani kwao neno hilo lilifanya kazi zote. Chakula kikiungua, si mbaya. Baba akinyolewa mapengo kichwani, si mbaya. Wa kuelewa alielewa. Lakini siku hiyo Injinia hakuwa na nia ya kuelewa. Aligeuka, uso umemchanua.

"Kweli?"

"Si mbaya hata kidogo."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mwenye karakana, bwana mnene mwenye miwani kichwani, alimwalika binti mmoja mtundu aijaribu gemu. Binti alicheza, akapiga miayo, akaiacha roketi ishuke konani. Kisha akaondoa mikono na kuiinua juu ili watu waione.

"Jamani, njooni muone. Gemu inajicheza."

"Mimi naenda kunywa chai," mwenzake alidakia. "Nikirudi nitakuta nimeshakuwa shujaa."

"Inunue, umlaze nayo mtoto," mwingine aliongeza.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye karakana hakucheka.

"Kijana, ulimpa mtu aijaribu kabla ya kuileta?"

"Nilimpa mdogo wangu."

"Akasemaje?"

Injinia alimtafuta Kitinda kati ya watu mpaka akamwona. "Alisema si mbaya."

Kicheko kikaanza upya. "Basi huna mjaribu," mwenye karakana alisema kwa upole. "Una mpambe." Akasogea meza iliyofuata, na huko ndiko alikompata kijana wake.

Njiani Injinia alitangulia, kompyuta kifuani.

"Ile kona, uliijua?" aliuliza bila kugeuka.

"Niliijua."

"Tangu siku ile?"

"Ndiyo, kaka."

"Wale wamenicheka tu. Wewe ulinipeleka nikachekwe."

Tangu hapo hakumsemesha. Akimtaka apishe mlangoni, alisimama tu mpaka apishe. Kitinda alivumilia, mwisho akamweleza mama kila kitu. Mama alisimamisha cherehani na kutema pini kiganjani.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwonea huruma."

"Hapana, mwanangu. Ulijionea huruma wewe. Uliogopa kuuona uso wake ukibadilika." Mama alinyoosha kitambaa mapajani. "Na hilo neno tumelizoea humu ndani, mimi wa kwanza. Lakini mteja nguo ikimbana kwapani, namwambia hapahapa, mkasi ukiwa mkononi. Anakasirika, namrekebishia. Nikinyamaza, itampasukia mbele za watu. Ukweli ni wa kumpa mtu angali anaweza kurekebisha. Nafasi ile imekwenda, hairudi. Kaka yako bado yupo."

Kitinda aliingia chumbani. Injinia alikuwa amelala chali. Kompyuta ilikuwa imefunikwa shuka.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Nitaomba. Kwanza nataka kucheza."

Alivuta shuka, akawasha, akaketi. Safari hii kaka hakugeukia ukuta. Aliitazama roketi yake ikishuka konani na kukaa pale, salama, bila kazi. Alitazama mpaka neno SHUJAA likatokea.

"Haya, sema," alisema.

"Mbaya," Kitinda alisema. "Gemu yako mbaya, kaka. Nyota zinajirudia, maadui wanatia huruma, risasi hazina maana. Nilitaka kukuambia siku ileile, nikaogopa. Nisamehe."

Injinia alivuta kigoda, akaisogeza kibodi upande wake.

"Ulichoka wapi hasa?"

"Mwanzoni kabisa, kaka," Kitinda alisema. "Roketi ilipoanza tu kuondoka."