Mshono Usiopigwa Pasi

Kila alasiri Pini alipotoka shule, alikuta pasi imeshapata moto na lundo la nguo linamngoja. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia katikati, vipande vya vitambaa kila pembe, na pini zilizodondoka sakafuni. Pini hizo ndizo zilizompa jina. Alipokuwa mtoto wa kutambaa, alikuwa akiziokota na kumpelekea mama yake badala ya kuzitia mdomoni, na tangu hapo jina lake la kwenye cheti likasahaulika nyumbani na hata shuleni.

Kazi yake ilikuwa kulaza mishono. Mama akishamaliza kushona, Pini aliigeuza nguo ndani nje, akaufungua mshono kwa vidole na kuukandamiza kwa pasi mpaka ulale. Kwake yeye ilikuwa kazi ya bure. Nguo ilikuwa imeshashonwa, uzi umeshakatwa, sasa kilichobaki ni nini?

“Mama, huku ndani nani ataona?” aliuliza siku moja, huku akikunja gauni ambalo alilipitishia pasi upande wa nje tu.

“Mvaaji ataona,” mama alijibu bila kuinua macho. “Mshono utainuka, bega litakaa upande, naye atadhani ameumbwa vibaya. Mshono usiopigwa pasi ni mshono nusu, mwanangu. Lirudie.”

Pini alilirudia akiwa amevuta mdomo. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni, nayo yaliingilia sikio hili yakatokea lile. Na sikio, kwa bahati mbaya, ndilo lililomletea balaa.

Alikuwa ametogwa masikio kama wasichana wengine wa umri wake. Sikio la kulia lilipona vizuri. La kushoto likapona, halafu likakataa kutulia: pale penye tundu kovu likaanza kuvimba, likawa kama punje ya mahindi, mwisho likafika ukubwa wa korosho. Daktari alieleza kwamba kovu la namna hiyo huitwa keloidi, kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba kuna watu ambao ngozi yao ikijeruhiwa haijui mahali pa kukomea. Pini alizoea kutembea ameinamisha kichwa upande mmoja ili nywele zimfiche, hadi shingo ikawa inamuuma.

Ndipo alipofanyiwa upasuaji. Daktari wa kurekebisha maumbo alilikata kovu lile na kushona ngozi kwa nyuzi nyembamba. Siku ya kutoa nyuzi, Pini alipewa kioo. Akaona sikio kama masikio ya watu wote, na mstari mdogo mwekundu tu. Alicheka, mama akalia, daktari akawaacha wamalize.

“Sasa sikilizeni,” daktari alisema. “Kukata ilikuwa kazi yangu. Kulilaza kovu ni kazi yako, binti. Keloidi hupenda kurudi. Utachomwa sindano mara kwa mara hapo penye mshono, na utavaa hiki.”

Akatoa kifaa kidogo cha plastiki, mfano wa vifungo viwili vya shati vinavyokutana na kulibana sikio katikati. Alikiita kibanio.

“Usiku na mchana. Utakivua ukioga, basi. Hata kovu likionekana limetulia, usikiache mpaka mimi niseme. Sawa?”

“Sawa, daktari,” Pini alijibu, huku macho yake yako kwenye kioo. Moyoni alishamaliza. Nyuzi zimetoka, sikio limepona, kilichobaki ni nini?

Asubuhi ya kwanza kurudi shuleni, alikwenda na kibanio chake sikioni. Darasani mwao kulikuwa na msichana aliyeitwa Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuuzima. Hakuwa mtu mbaya, ila utani ukimfika mdomoni hakuweza kuumeza.

“Jamani, njooni muone!” Redio alipaza sauti. “Mama fundi wa nguo, binti kamba ya kuanikia. Amekuja na kibanio chake kabisa!”

Darasa zima likaangua kicheko. Pini naye alicheka, maana aliona asipocheka atalia. Lakini siku hiyo nzima hakusikia alichofundishwa. Mchana kutwa aliitwa Kamba. “Kamba, nianikie soksi!” “Kamba, mvua inakuja, anua nguo!”

Kesho yake, kabla ya kufika lango la shule, alisimama nyuma ya tangi la maji, akakivua kibanio na kukitia ndani ya mkebe wa rula na bikari. Jioni alikivaa tena kabla ya kufungua mlango wa nyumbani. Siku zikapita hivyo. Baadaye akaanza kukivua hata kitandani, kwa kuwa kilimbana na hakuna aliyemwona. Alikirudisha kabla ya kuamshwa, na asubuhi mama alimkuta nacho sikioni, akamsifu.

“Wewe ni mvumilivu kuliko mimi,” mama alimwambia. Sifa ile ilimchoma kuliko sindano, lakini akaipokea.

Kisha sikio likaanza kumwasha. Pini alipopapasa, alihisi ule mstari umekuwa mgumu. Baada ya muda ukawa umeinuka kabisa. Alianza tena kuinamisha kichwa upande mmoja, safari hii akimficha mama yake.

Ahadi ya kliniki ilipofika, hapakuwa na pa kuficha. Daktari aliligeuza sikio huku na huku, akakunja uso.

“Kibanio unakivaa?”

Pini alikitazama kiatu chake. “Ndiyo.”

“Wakati wote?”

Kabla hajajibu, mama akamjibia. “Daktari, mimi ndiye ninayemwamsha kila asubuhi. Kila nikimtazama anacho. Mwanangu hana mchezo na dawa, naapa.”

Daktari alimwamini. Nani asingemwamini mama anayeapa? Alimchoma Pini sindano yenye dawa nyingi kuliko zote za awali, nayo ilimuuma hata akashika ukingo wa kitanda.

“Kama anakivaa ipasavyo na bado kovu linaota,” daktari alisema, “basi ngozi yake ni kaidi. Likiendelea hivi itatubidi tukate tena, na mara ya pili huwa ngumu zaidi.”

 Walipofika nyumbani mama aliketi kwenye cherehani lakini hakushona. Akaushusha mkono wa blauzi yake begani. Pini aliona kovu nene, linalong’aa, ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. Sasa alielewa kwa nini fundi aliyewashonea wenzake magauni ya mabega wazi hakuwahi kujishonea hata moja.

“Niliungua kwa uji nikiwa mdogo kuliko wewe,” mama alisema. “Ngozi hii umeirithi kwangu. Na ni mimi niliyekupeleka kutogwa, nikijua nilichonacho mwilini. Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuharibia sikio.”

Machozi yakamtiririka, yakadondokea kitambaa cha mteja wala asijali.

 Pini angeweza kuvumilia sindano nyingine. Angeweza hata kuvumilia kukatwa tena. Lakini mama yake kumwomba msamaha kwa kosa lisilo lake, hilo lilimshinda.

“Mama, si ngozi yako,” alisema. “Ni mimi.”

Akaufungua mkebe na kuuweka mezani. Akaeleza yote: tangi la maji, kitanda, Redio, Kamba. Alipomaliza, pasi ilikuwa ikitoa mvuke bure.

Alitarajia kufokewa. Mama alifuta uso kwa kipande cha bitana, akasema kwa sauti ya chini, “Nimemwapia daktari. Umeniacha niape uongo, huku umesimama hapo unanitazama.”

 Pini angetamani afokewe.

Asubuhi iliyofuata hakwenda shule. Walirudi kliniki, na mama akamsukuma mbele taratibu. “Nenda useme mwenyewe.” Pini alisema yote, akamwomba radhi daktari na kumwomba amsamehe mama yake, ambaye hakujua lolote.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. “Unajua nilikuwa nawaza nini usiku kucha? Ni wapi nilipokosea. Ningekukata tena, binti, kwa tatizo ambalo si la kisu.” Akatikisa kichwa. “Umefanya vizuri kusema. Ila sitakudanganya. Mwanzoni kovu lilikuwa bichi, rahisi kulilaza. Wakati huo umepita, siwezi kukurudishia. Tutaanza tena na kibanio na sindano, tuone litashuka mpaka wapi.”

Darasani, Redio hakumwacha. “Kamba amerudi!”

Pini aligusa kibanio chake lakini hakukivua. “Nimerudi. Leta soksi zako nizianike, maana zinanuka hadi huku.”

Safari hii kicheko kilimwendea Redio. Saa ya mapumziko, Redio alimfuata, akauliza polepole kile kifaa ni cha nini. Pini alimweleza. Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya darasa lile, alikosa la kusema. Kisha akanong’ona, “Ungeniambia tangu mwanzo, Pini.” Ni kweli, angemwambia. Mambo mangapi angeyaepuka kwa sentensi moja tu!

Miezi ikaenda. Kibanio hakikutoka sikioni ila kwa kuoga, na Pini hakukosa sindano hata moja. Kovu likaacha kuota, likalainika, likashuka. Halikushuka lote. Daktari aliporidhika kwamba limetulia, ilibaki punje moja chini ya ngozi, ndogo kama dengu, pale ambapo pangekuwa na mstari tu. Hapakuwa na haja ya kukata tena, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini kila alipolala ubavu wa kushoto, Pini aliihisi.

Alasiri moja alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, mkono mmoja umeshika gauni, mwingine unaipapasa ile punje. Mama alimwona, akasimamisha cherehani.

“Inakuuma?”

“Haiumi. Ninajuta tu, mama.”

“Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye,” mama alisema. “Wewe mjukuu wako amewahi, amekukuta ungali mtoto. Mkaribishe, akufundishe ungali na umri wa kufundishika.” Wote wawili wakacheka kidogo. Kisha mama akasema kwa upole, “Kovu ni mshono wa mwili, Pini. Fundi akimaliza yake, bado yako. Na ukishindwa sehemu yako, sema mapema. Aibu ya kusema hupita siku hiyohiyo. Ya kuficha ndiyo hiyo unayoipapasa.”

Pini aliitikia kwa kichwa. Akaliangalia gauni lililokuwa mkononi mwake. Lilikuwa la mama yake mwenyewe, la kwanza kujishonea lenye mabega wazi. Akaligeuza ndani nje, akaufungua mshono kwa vidole, akaushushia pasi polepole hadi ukalala.