Aliyegonga Sufuria

Walikutana kwenye vitunguu. Soko lilikuwa limefurika, na fundi friji, ndani ya shati lake la bluu lililopauka, alinyoosha mkono akakuta mkono wa mwanamke umeshamtangulia. Ulikuwa mkono mzuri, ila makovu ya moto yalifika hadi kiwikoni.

"Nani kakuchoma hivi, dada?"

"Najifunza upishi hotelini. Sufuria ndiyo mwalimu, na hizo ndizo fimbo zake."

Fundi akacheka, naye akacheka. Kabla wiki haijaisha walikuwa wakiitana mpenzi.

Lakini mwanafunzi wa upishi hana Jumapili. Walipendana kwa simu, mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kupumzika na yeye amebaki kurudia mchuzi uliomwangusha mtihani mara mbili. Akishindwa mara ya tatu, angefukuzwa.

Siku moja, katikati ya utani wao, fundi akasikia kwenye simu sauti nzito ya mwanamume nyuma ya mpenzi wake. "Bado, binti. Ongeza chumvi."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, mpenzi."

"Na huyo anayekuonjea?"

"Hata nikikuambia hutaamini."

Fundi akakata simu. Wivu ulimkosesha usingizi mpaka siku moja kabla ya mtihani, akaenda hotelini kumfumania.

Alimkuta peke yake, aproni imelowa jasho, macho mekundu.

"Haya, mtafute huyo mwanamume," alisema. "Mimi nimemsikia tangu nianguke mara ya kwanza. Sijawahi kumwona."

Akaongeza chumvi, akaweka kijiko mezani. Jiko zima likawa baridi. Kijiko kilikuwa pale pale mezani, lakini sufuria iligongwa mara mbili.

"Sasa imekolea," sauti ikasema.

Nywele zikamsimama fundi. Wapishi wa hapo, chumvi ikikolea, hugonga sufuria mara mbili ili mwingine asiongeze. Baba yake alifanya hivyo hata nyumbani. Alikuwa mpishi wa jiko hili, akazikwa fundi akiwa mtoto, na enzi za uhai wake alikuwa akirudi nyumbani usiku, mwanawe ameshapitiwa na usingizi akimsubiri.

"Ni baba," alisema, akalia bila kuona haya.

Binti akamvutia kigoda, akampakulia. Alikula mpaka akafuta sahani.

"Kesho ukifaulu, nikuoe?"

"Na nikianguka?"

"Nikuoe vilevile."

"Nitakuwa nachelewa kurudi, fundi."

"Najua," alisema. "Kumsubiri mpishi nilianza utotoni."