Wa Chini Hatazami Juu

Nina miaka arobaini na tisa, na kazi yangu ni kurina asali huku Kibondo. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Nilikaa mstari wa mbele nikinakili ubaoni, na mwalimu akanisifu kwa utulivu wangu. Hakujua kwamba sikusikia hata nusu ya alichosema... Hakuna aliyejua. Nilikuwa hodari wa kuficha!

Ilianza kwa sikio la kulia kutoa usaha. Nikatia maji ya majani, nikaziba kwa pamba, nikaendelea na kazi. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya, na la kushoto likafuata. Mke wangu, Velediana, alinisumbua mpaka nikaenda hospitali Kasulu, ambako ndiko kwao. Daktari, kijana wa watu aliyehamishiwa kutoka Moshi, akanipigia kelele kwamba nikae wiki tatu, nisafishwe na kutiwa dawa kila siku. Akasema bado yanatibika. Wiki tatu! Na ulikuwa msimu wa kurina! Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nilifichaje? Kwetu mtu akimsalimia mkubwa wake hupiga makofi taratibu. Nikiona viganja vinakutana, najibu. Nikiona watu wanacheka, nacheka. Mfanyabiashara aliyekuwa akinunua nta kwangu pale mjini alitaja bei, mimi nikaitikia kwa kichwa, nikapokea alichonipa. Baadaye niligundua kwamba kwa misimu miwili wenzangu walikuwa wakilipwa karibu mara mbili. Ningeuliza vipi? Ningeonekana kiziwi. Na kwetu kiziwi hupewa mbuzi achunge, hapewi mizinga.

Mizinga yenyewe ikaanza kunihama. Mrina asali huweka sikio kwenye mzinga, akajua kama nyuki wamejaa, kama asali imeiva, kama wamekasirika. Mimi nikawa naweka sikio kwa mazoea tu, halafu nasema lolote. Nikafungua mizinga michanga, nikakuta masega matupu na nyuki wakahama. Tukauza mbuzi wawili, kisha watatu. Tena kikaja kizunguzungu. Siku moja nilikumbatia mti katikati nikidhani msitu unazunguka... Nikashuka, nikasema goti linaniuma.

Ndipo nikamwita Filipo apande badala yangu. Filipo ni kaka yake Velediana, wa pekee. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, ameshatoa posa, anangoja tu mavuno ya asali amalizie mahari. Nilimfundisha kazi mwenyewe, na alinipenda. Nasema kweli, hata mimi nilimpenda.

Sasa niwaeleze kazi yetu ilivyo. Anayepanda hujifunga kamba kiunoni, kamba inapita juu ya tawi nene, na mwenzake yuko chini ameshika ncha. Wa juu akisema legeza, unalegeza. Akisema kaza, unakaza. Na wa chini hatazami juu! Makaa ya mwenge yanadondoka, nyuki wanadondoka, yatakuunguza macho. Anainamisha kichwa na kusikiliza. Kazi yake yote ni sikio... Mnanielewa, wasomaji? Sikio!

Nilijua hivyo. Nilijua, nikaishika kamba.

Ilikuwa alasiri, upande wa Kagerankanda, kwenye mti mrefu wenye mizinga miwili. Mzinga wa kwanza ulikwenda vizuri, kwa sababu nilikuwa nikipima kwa mkono: kamba ikivutwa nalegeza, ikilegea nakaza. Nikajiona mjanja. Kwenye mzinga wa pili kamba ikavutwa kwa nguvu. Nikalegeza. Ikavutwa tena. Nikalegeza zaidi... Kisha ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu, nikainua uso, Filipo alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwangu.

Hakufa. Nyonga na mgongo vilivunjika. Alinitazama, na midomo yake niliisoma vizuri kuliko sauti yoyote. "Mulamu, nimekuita... mbona umelegeza?" Mulamu ni shemeji, kwa Kiha.

Tukambeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa Kasulu. Wazee wakaniita. Swali nililijua kabla hawajalimaliza: alikuita? Nikaangalia mikono yangu, nikajibu kwamba hakuita. Nikaongeza kwamba alikuwa amekunywa pombe kabla ya kupanda. Kwa nini niliongeza hilo? Hakuna aliyeniuliza habari za pombe!

Filipo alisema kwamba aliita mara tatu. Waliniamini mimi, mkubwa wake, mrina asali wa siku nyingi. Wazazi wa mchumba wakarudisha posa, kwamba hawamwozi binti yao kwa mlevi tena mwongo. Nilimtembelea mara moja. Aligeuza uso ukutani. Sikuhisi kitu... Nilikaa dakika chache, nikaacha ndizi, nikaondoka.

Miezi minane baadaye, asubuhi, nilikuwa uani nachonga gome la mzinga mpya. Nikageuka kuchukua panga, nikamwona Velediana amesimama nyuma yangu, khanga imefungwa kiunoni, uso umelowa. Sijui alikuwa pale kwa muda gani. Alikuja karibu, akanishika kidevu, akanisemesha polepole usoni kama mtu anayemsemesha mtoto.

"Nimekuita mara tatu. Nimekuita nikwambie Filipo amekufa."

Vidonda vya mgongoni, vya kulala chali miezi yote ile, ndivyo vilivyommaliza. Velediana alinitazama, na nikaona jambo likimwingia, taratibu, mpaka likatulia. Hakupiga yowe. Akauliza, "Na siku ile aliita?" Nikasema aliita, bila shaka aliita. Akafunga mzigo, akachukua watoto, akaenda kuzika kwao Kasulu. Hakurudi.

Nilikwenda kwa wazee nikasema ukweli. Nilikwenda hospitali pia. Daktari alikuwa mwingine, akaniandikia kwenye karatasi: la kulia limekwisha, la kushoto limebaki kidogo, laiti ungewahi. Mpaka leo sijalia. Najua ninapaswa kulia.

Ndugu zangu, sikio likitoa usaha, nendeni mapema, hata kama ni msimu wa asali, hata kama ni msimu wa kahawa. Na kama hamsikii, msione haya. Neno lenyewe ni moja tu: sisikii. Ningelisema siku ile chini ya mti, Filipo angecheka kidogo, angemtafuta mtu mwingine wa kushika kamba.