Yai la Marejeo

Lilipowekwa tu juu ya meza, Yai lilitoa mlio mdogo kama wa kifaranga, likajizungusha mara moja, likawasha taa ya njano, likaanza kusikiliza.

Lilikuwa jeupe, kubwa kama boga, na roboti wa posta ndiye aliyelipandisha hadi ghorofa ya thelathini na mbili, pale Kihesa, jijini Iringa. Jina lake la serikalini lilikuwa Kipimarejeo, lakini nani ana muda wa kutamka yote hayo? Watu waliliita Yai. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa siku kumi nyumbani kwa mtu anayetaka kwenda nchi ya watu, na kupima kama akienda atarudi.

Zamani za bibi zetu, msafiri alipanga foleni ubalozini na bahasha yake: hati ya nyumba, barua ya kazi, picha mbili zenye uso wa hofu. Makaratasi yakasema uongo mno. Basi nchi za nje zikaacha kusoma makaratasi, zikaanza kusoma maisha. Yai lilisikiliza nani anapiga hodi kwako, nani anakuita, nani anacheka nawe. Kila anayekuhitaji lilimhesabu kuwa kamba moja inayokufunga kwenu. Kamba zikitosha, taa inageuka kijani, na kibalimeme kinaingia kwenye simu yako papo hapo. Bila kibalimeme husafiri; hata mlango wa uwanja wa ndege hautakufungukia.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa Bi Skolastika Gama, mjane wa miaka sabini na moja, Mngoni wa Songea aliyehamia Iringa kwa kazi ya kushona sare za shule na hakuondoka tena. Alikuwa na mtoto mmoja, Adelina, aliyeolewa Velmari, nchi ya theluji. Adelina alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka.

"Mama," Adelina alikuwa amesema kwenye simu, "huku hospitali zina kila kitu. Ila hakuna mtu wa kunikanda na maji ya moto akaniambia nisiogope. Njoo kabla sijajifungua."

"Nakuja, mwanangu. Wewe tulia tu."

Ndiyo sababu ya Yai kuwa pale mezani, karibu na kikapu cha nyuzi.

Siku ya kwanza Bi Skolastika alilifuta vumbi, akalisalimu, akalitegea kitendawili kama ambavyo angemtegea mgeni yeyote.

"Kitendawili!"

Yai kimya.

"Hujui kusema 'tega'? Haya, nakutegea hivyo hivyo. Nyumba yangu ina mabomba kumi na mawili na hakuna hata moja linalosema karibu."

Yai likawaka njano, likazima. Jibu lilikuwa ghorofa lile lenyewe. Maana unga ulikuja kwa bomba, dawa kwa bomba, nguo zilizofuliwa kwa bomba. Daktari alimwona kwenye kioo cha ukutani. Jumuiya yake ya sala nayo ilikutana kwenye kioo, kila mama kwake, na wakishasema amina nyuso zote zilizimika kwa pamoja, akabaki anajiona mwenyewe na rozari mkononi. Hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Chumvi kila mtu alikuwa nayo.

Aliyekuja alikuwa mmoja. Kila siku saa kumi alasiri mlango ulipigwa kwa fimbo.

"Hodi humu kwa majambazi!"

"Majambazi tupo, karibu mwizi mwenzetu!"

Huyo ndiye Mzee Nolasko Kihwele wa ghorofa ya thelathini, Mhehe, fundi umeme mstaafu, mwenye goti bovu na koti moja. Alikaa kwenye kiti kile kile, akapokea kikombe cha togwa, akakichungulia kama mtu anayetafuta sumu.

"Togwa gani hii, mama? Hata nguruwe wa kwetu angeomba msamaha kwanza ndipo ainywe."

"Nguruwe wa kwenu ana adabu, amekushinda. Kunywa ufe, nipate kiti changu."

"Utakufa wewe kwanza. Nami nitakuzika bila jeneza, nikufunge kwenye gunia la mahindi uliyoiba."

Msomaji asiyejua anaweza kushtuka. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakauana sana, mpaka wakachoka. Baada ya hapo wajukuu wao wakawa watani: mkuki ukawekwa chini, ulimi ukaachwa ufanye kazi. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote, na wewe huruhusiwi kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha msiba. Anakutukana kwa sababu wewe ni wake.

"Na hili boga jeupe ni la nini?" Mzee Kihwele aliuliza.

"Ndilo linalonipa ruhusa ya kwenda kwa Adelina."

Akaligonga kwa kucha. "Kitendawili."

"Tega."

"Ana masikio hana kichwa, anakula maneno hana mdomo."

Bi Skolastika alijua, lakini akamwachia raha yake. "Nimeshindwa. Nikupe mji gani?"

"Nipe Songea! Kisha nenda huko kwenu, ukae huko huko, usirudi tena. Sisi tutagawana masufuria." Akacheka mpaka togwa ikamwagika kwenye koti. "Jibu ni hili Yai lako."

Yai likawaka, likazima.

Ikawa hivyo siku zote kumi.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, sauti ya kike, laini, ilitoka ndani ya Yai. Ilikuwa Karani, akili mnemba ya uhamiaji ya Velmari, iliyosema Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Habari za asubuhi, Skolastika Gama. Maombi yako ya kibalimeme yamekataliwa. Mvuto wako wa nyumbani ni tatu kwa mia."

Bi Skolastika alikaa chini. "Tatu? Kwa nini, mama?"

"Katika siku kumi, mtu mmoja tu ameingia nyumbani kwako. Mtu huyo ametoa kauli za uhasama mia moja na kumi na nne. Amekuambia usirudi mara tisa. Ametaja kifo chako mara ishirini na mbili. Mtu asiyependwa nyumbani hana sababu ya kurudi."

Kisha Yai likamrudishia sauti ya Mzee Kihwele, moja baada ya nyingine, bila kikombe, bila kiti, bila kicheko. Lilikitoa kicheko chote, likabakiza maneno. Mwanzoni Bi Skolastika alitabasamu. Baadaye akaliomba linyamaze.

"Ule ni utani," alisema. "Huyo ni mtani wangu."

"Utani ni maneno ya kuchekesha. Kauli 'nitakuzika bila jeneza' haikupimwa kuwa ya kuchekesha."

"Kwenu labda."

"Una haki ya rufaa moja. Baada ya siku tano shahidi wa nyumbani atahojiwa. Katika siku hizo, kauli za uhasama ziwe sifuri."

Alasiri hiyo hakusubiri fimbo mlangoni. Alishuka ngazi mwenyewe hadi thelathini, akamkuta Mzee Kihwele akibishana na roboti wake juu ya vidonge. Akamweleza yote pale mlangoni.

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Mia moja na kumi na nne tu? Nimezeeka! Mimi nilidhani nimefika mia mbili."

Bi Skolastika hakucheka. "Kihwele, mtoto atazaliwa wiki mbili zijazo."

Mzee akaitazama fimbo yake. "Wanataka nini?"

"Wanataka useme vizuri."

"Kwa siku tano?"

"Kwa siku tano."

"Ungeniambia nipande Kilimanjaro kwa goti hili, ningekuwa na matumaini zaidi."

Kesho yake saa kumi alibisha kwa vidole badala ya fimbo. "Hodi. Kamwene, Bi Skolastika."

"Kamwene. Karibu."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alipewa togwa, akaichungulia, mdomo ukamtetemeka. "Togwa yako leo ni... ni nzuri. Imechacha kama... kama inavyotakiwa." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Bi Skolastika aliuma kanga yake asicheke, naye mzee akamwona, wakatazama pembeni wote wawili kama watoto kanisani.

Siku ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Siku ya tatu walizungumza habari za mvua. Ya nne hata habari za mvua ziliwaishia, na Mzee Kihwele akaaga mapema, akasema asante kwa mapokezi.

Siku ya tano alikuja amenyoa ndevu. Karani akaanza.

"Nolasko Kihwele, Skolastika Gama ni nani kwako?"

"Ni jirani."

"Asiporudi, utapungukiwa na nini?"

Mzee alikohoa. Alikuwa amejiandaa, alikuwa na karatasi mfukoni, lakini hakuitoa. Aliangalia goti lake.

"Mke wangu Tekla alifariki miaka sita iliyopita," alisema. "Tangu siku hiyo watu wote wananisemesha kwa upole. Daktari mpole. Wanangu kwenye kioo, wapole. Hata roboti wangu ananiambia 'tafadhali mzee, kidonge'. Unajua upole huo? Ni upole wa watu wanaopita. Huyu mama peke yake ndiye anayenijibu. Asubuhi nikiamka natafuta neno la kumchokoza nalo saa kumi. Nikilipata, nanyanyuka kitandani. Siku nisipolipata nanyanyuka pia, maana yeye atakuwa amelipata la kwake." Akalisugua goti. "Asiporudi nitabaki na vidonge."

Bi Skolastika alikuwa amegeukia dirisha. Chini huko Mto Ruaha Mdogo ulikuwa uzi mwembamba kati ya maghorofa. Miaka sita wameketi pamoja kila alasiri na hakuna kati yao aliyewahi kutamka kitu kama hicho. Utani ndio uliowafichia. Sasa kilikuwa kimewekwa mezani kama nguo ya ndani, na mashine inakipima.

Taa ikageuka kijani.

"Mvuto wa nyumbani: sabini na moja kwa mia. Kibalimeme kimetolewa, siku tisini. Sharti: Yai litahamia kwa shahidi na kuendelea kusikiliza. Kauli za uhasama zikirudi, kibali kitafutwa na msafiri atarejeshwa siku hiyo hiyo."

"Hongera, Bi Skolastika," alisema Mzee Kihwele, akampa mkono. Hakuwahi kumpa mkono kabla ya hapo.

Bi Skolastika aliondoka Jumanne kwa ndege-mshale. Mzee alimsindikiza hadi kwenye lifti, amelipakata Yai kifuani, na hakusema zaidi ya safari njema.

Velmari ilikuwa nyeupe na safi, na watu wake walitabasamu wakiwa mbali. Mtoto alizaliwa siku ya nane, wa kike, mzima, mwenye kelele. Bi Skolastika alimkanda binti yake kwa maji ya moto mpaka Adelina akalia na kucheka kwa pamoja, akampikia uji wa pilipili manga, akamwambia asiogope, ingawa sasa hapakuwa na cha kuogopa. Kile alichofuata alikipata. Hilo aseme nani kuwa ni dogo?

Mtoto alipofikisha wiki moja walimpigia Mzee Kihwele kwenye kioo. Adelina alikuwa akisubiri kwa hamu, maana tangu utotoni alijua watani wanavyompokea mtoto: humcheka pua, humwita nyani, hudai kulipwa kuku kwa kulazimishwa kumtazama. Alimweka mtoto vizuri mbele ya kioo.

"Haya mjomba, mwone mjukuu wetu!"

Mzee Kihwele aliinama karibu. Mwanga wa kijani ulikuwa umemlala shavuni. Yai lilikuwa mezani kwake, karibu na mkono. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Midomo yake ikafunguka, ikafumbika.

"Mtoto mzuri," alisema. "Mungu amkuze."

"Na goti, mjomba?"

"Linaendelea vizuri. Nashukuru kwa kuniuliza." Akamgeukia Bi Skolastika. "Kaa salama, mama. Usiwe na haraka. Huku hakijaharibika kitu."

Kioo kikazima.

"Mama, mzee wako anaumwa?" Adelina aliuliza.

"Haumwi. Analinda kibali changu."

Adelina alipolala, Bi Skolastika alimchukua mtoto akaenda naye jikoni, mbali na kioo, mahali ambapo hakuna Yai wala sikio. Theluji ilikuwa ikianguka mchana kweupe, bila sauti. Akamfunua mtoto uso, akaiga sauti nzito ya Mzee Kihwele.

"Pua gani hii? Mmemwibia nani, nyie Wangoni?"

Mtoto alipiga miayo. Bi Skolastika akamnyooshea kidole, akajijibu kwa sauti yake mwenyewe, "Afadhali sisi tuna pua, wewe una nini?" Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake aseme.